Kazi ya Miaka 28 na Sahihi Moja

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Somo letu la leo ni la historia. Tutasema habari za wachoraji wa sinema waliokuwa London, Uingereza, na jinsi kazi yao ilivyotoka mikononi mwao. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawaulizeni maswali.

Labda umepata kuona sinema isiyo na watu, ila picha zilizochorwa, nazo zatembea na kusema. Je, picha zatembeaje? Kwa kweli hazitembei. Mchoraji huchora mtu anayeinua mguu kidogo. Katika karatasi ya pili, mguu umepanda zaidi. Katika ya tatu, zaidi tena. Kisha karatasi hizo hupigwa picha moja moja. Zikipitishwa upesi mbele ya taa, macho yetu huona mtu anatembea.

Sasa shika kalamu, tufanye hesabu. Katika sekunde moja ya sinema hupita picha 24. Dakika moja ina sekunde 60. Basi 24 mara 60 ni 1,440. Hizo ni picha za dakika moja tu! Ndiyo sababu wachoraji wengi hujipunguzia taabu: huchora picha 12 kwa sekunde, na kila moja hupigwa mara mbili.

Palikuwa na mchoraji mmoja ambaye mara nyingi hakutaka kupunguza. Jina lake Richard Williams. Alizaliwa Kanada mwaka 1933, akaenda kufanya kazi London. Mwaka 1964 alianza kutengeneza sinema ya hadithi za Nasrudin, mtu mjanja wa namna ya Abunuwasi tunayemjua sisi. Baadaye, katika miaka ya 1970, aligombana na wenye hadithi hizo, ikambidi kuziacha. Akatunga hadithi nyingine, akaiita The Thief and the Cobbler, maana yake Mwizi na Mshona Viatu.

Fedha zilitoka wapi? Bwana Williams na wasaidizi wake walichora matangazo ya biashara, na faida yake wakaitia katika sinema yao. Kwa hiyo kazi ilikwenda polepole. Aliwaita pia wazee mashuhuri kutoka Marekani, kama Ken Harris na Art Babbitt, wachore na kuwafundisha vijana. Ken Harris alichora sehemu nyingi za yule mwizi. Alifariki mwaka 1982, na sinema bado haijaisha.

Mwaka 1988 Bwana Williams alipata sifa kubwa kwa kuongoza uchoraji wa sinema nyingine, Who Framed Roger Rabbit, akapewa zawadi za Oscar. Ndipo kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilipokubali kuisaidia sinema yake. Lakini mwenye fedha alitaka mdhamini. Ikapatikana kampuni ya dhamana, na mapatano yakatiwa sahihi. Maana yake ilikuwa hivi: kazi isipokwisha kwa wakati uliowekwa, mdhamini ana haki ya kuichukua na kuimaliza apendavyo.

Wachoraji wakashika kazi kwa bidii, saa nyingi mno. Lakini mkubwa wao hakuridhika upesi. Picha iliyokuwa nzuri aliitaka iwe nzuri zaidi, nayo ikachorwa upya. Wakati uliowekwa ukapita. Mwaka 1992 wenye fedha walionyeshwa sinema ilipofikia. Zilibaki dakika kama 15 tu kuchorwa. Warner Bros. ikajitoa, na mdhamini akaichukua kazi yote.

Wachoraji wakapoteza kazi. Watu wengine waliimaliza sinema hiyo upesi, wakakata sehemu nyingi na kuongeza nyimbo. Yule mshona viatu, ambaye wachoraji walikuwa wamemfanya mtu asiyesema karibu sinema nzima, akatiwa maneno mengi kinywani. Ilitolewa mwaka 1993 na tena mwaka 1995, kila mara kwa jina jingine, wala haikupata faida kubwa.

Je, nani mwenye kosa? Mdhamini hakuiba. Haki yake ilikuwa imeandikwa. Bwana Williams naye hakuwa mvivu. Lakini aliahidi siku, na siku haikumngoja. Hebu mfikirie mchoraji wa kawaida, aliyeinama mezani miezi mingi kwa ajili ya sekunde chache za sinema. Yeye hakuweka siku wala hakukata picha. Hata hivyo, hasara ilimfikia mezani pake.

Haya si mambo ya London peke yake. Fundi seremala, fundi cherehani, mkulima anayekopa mbegu, wote huletewa karatasi na kuambiwa, "Tia sahihi hapa." Zamani ulitia dole gumba, kwa kuwa hukujua kusoma. Sasa unajua. Basi isome yote. Tafuta mambo matatu: kazi itakwisha siku gani, ikichelewa itakuwaje, na nani atakuwa mwenye mali hiyo.

Nakala ya sinema ile kabla haijakatwa ilihifadhiwa. Mwaka 2013 ilionyeshwa Los Angeles mbele ya Bwana Williams mwenyewe, naye alikuwa na miaka 80. Alifariki mwaka 2019. Watazamaji waliiona kazi ya mikono ile, na mahali palipobaki bila kuchorwa.

Maswali ya darasani:
1. Dakika 15 za sinema zina picha ngapi, ikiwa kila sekunde ina picha 24?
2. Mdhamini alipata haki gani, na kwa sababu gani?
3. Wazee husema, "Haraka haraka haina baraka." Tena husema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ungalimpa Bwana Williams methali ipi? Jadilianeni.

Kwaherini, wanafunzi, mpaka somo lijalo.