Springi iliyochelewa miaka minne

Chevrolet Corvair za mwaka 1964 zilitoka kiwandani na kitu kipya chini ya uvungu, ambacho mtu asingekiona mpaka alale chini akitafute. Ilikuwa springi bapa ya chuma, imelazwa upande kwa upande chini ya difu, ncha zake zikishikana na magurudumu ya nyuma. Haikuongeza nguvu ya injini wala haikubadilisha sura ya gari. Kazi yake ilikuwa kuyazuia magurudumu hayo yasijikunje kwa ndani gari linapokata kona. Corvair ilikuwa imeanza kuuzwa Marekani Oktoba 1959, na kabla ya springi hiyo kufungwa, zaidi ya magari milioni 1 yalikwisha kupita mikononi mwa wanunuzi.

Chanzo cha kasoro iliyohitaji dawa hiyo ni wazo zuri. Magari ya mwanzo yalikuwa na ekseli moja ngumu nyuma, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linainama. Mwaka 1903 mhandisi wa Austria, Edmund Rumpler, alipata hataza ya ekseli iliyogawanywa: difu inafungwa kwenye mwili wa gari, na kila upande shafti yake inapanda na kushuka peke yake, kama mbawa za ndege. Hans Ledwinka wa Tatra aliutumia mpango huo kwenye Tatra 11 ya mwaka 1923, na Ferdinand Porsche akauweka kwenye Volkswagen. Ulikuwa rahisi kutengeneza, jointi moja tu kila upande karibu na difu, na kwenye barabara mbovu gari lilitambaa vizuri ajabu.

Tatizo lilijitokeza kwenye kona. Gari linapopinda kwa kasi, barabara inasukuma tairi la nje kuelekea ndani. Kwa kuwa jointi ya shafti iko juu kuliko pale tairi linapogusa lami, msukumo huo haukomei kwenye kuligeuza gari, unalinyanyua pia. Nyuma ikinyanyuka, shafti zinaning’inia, na tairi la nje linaanza kusimama kwa ukingo wake badala ya kukanyaga kwa upana wote. Dereva akishtuka akaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, nyuma inapanda zaidi, na mshiko unapotea papo hapo. Kama injini iko nyuma, kama ilivyokuwa kwa Volkswagen, Porsche na Corvair, uzito huo wote unaendelea na safari yake ya awali, na gari linazunguka. Mambo haya hutokea kwa muda mfupi kuliko ule anaouhitaji dereva wa kawaida kufikiri.

Wahandisi waliyajua. Mercedes-Benz, mwaka 1954, waliishusha jointi chini ya difu kwenye gari la mashindano la W196 na kwenye 220 ya kuuzia wateja, ili msukumo wa kunyanyua upungue. Porsche walichukua njia nyingine. Mwaka 1960, kwenye 356 ya aina ya Super 90, waliweka springi bapa inayopita chini ya giaboksi ikiwa imeshikwa katikati kwa pini inayoiruhusu kucheza. Uzuri wa springi hiyo uko kwenye kile inachokataa na kile inachokiachia. Tairi moja likipanda na jingine likishuka, inayumba nayo bila ubishi. Matairi yote mawili yakitaka kushuka pamoja, ndiyo ile hali ya nyuma kunyanyuka, inapinga kwa nguvu. Huko California, kampuni ya EMPI ya Joe Vittone ilifanya biashara nzuri ya kuuza kifaa cha namna hiyo kwa wenye Volkswagen. Volkswagen wenyewe walifunga springi ya kusawazisha kwenye gari lao la 1500 kuanzia modeli ya 1967.

Haki itendeke kwa ekseli hiyo iliyogawanywa: kwenye vumbi na matope ilistahimili mengi. Mbio za Safari, hapa kwetu Afrika Mashariki, zimeandikwa na magari ya namna hiyo. Bill Fritschy alishinda mwaka 1959 na 1960 kwa Mercedes 219, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda kwa Volkswagen ndogo. Lakini hao walikuwa madereva waliojua kuitumia nyuma inayoteleza. Corvair iliuzwa kwa mwalimu, karani na mama anayewapeleka watoto shuleni, watu waliozoea magari yenye injini mbele na ekseli ngumu nyuma.

Kwa watu hao, General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, iliweka usalama ndani ya pampu ya upepo. Corvair ilitakiwa ijazwe pauni 15 matairi ya mbele na 26 ya nyuma. Tofauti hiyo kubwa ndiyo iliyolifanya gari lipoteze mshiko wa mbele kwanza, na kumpa dereva onyo. Aliyejaza sawasawa mbele na nyuma, kama alivyojaza magari yake yote ya zamani, alikuwa ameiondoa kinga bila kujua. Stabilaiza ya mbele, fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili, ambayo ingefanya kazi hiyohiyo kwa uhakika zaidi, haikuwekwa kwenye magari ya kwanza. Mwaka 1962 ilipatikana kwa mteja aliyeagiza na kulipia ziada.

Hapo ndipo historia hii inaponikera. Kosa la hesabu husameheka. Hili lilikuwa uamuzi wa bei. John DeLorean, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa General Motors, alisimulia baada ya kuondoka kwamba Semon Knudsen, aliposhika uongozi wa Chevrolet mwaka 1961, alilazimika kutishia kujiuzulu ndipo akaruhusiwa kuirekebisha nyuma ya Corvair. Kwa maelezo ya DeLorean, gharama ilikuwa kama dola 15 kwa gari. Mwaka 1964 springi ya nyuma na stabilaiza ya mbele vikawa vya kawaida kwa kila Corvair. Mwaka uliofuata mpango mzima ukabadilishwa: kila shafti ikapata jointi mbili, na tairi likaweza kubaki wima.

Novemba 1965, gari likiwa limekwisha kupona, mwanasheria kijana Ralph Nader alichapisha kitabu Unsafe at Any Speed, na sura yake ya kwanza ilikuwa ya Corvair. General Motors iliajiri wapelelezi wamchimbe maisha yake. Mambo yalipofichuka, rais wa kampuni, James Roche, aliomba radhi mbele ya kamati ya Seneti Machi 1966. Septemba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari, na kwa mara ya kwanza serikali kuu ya Marekani ikawa na mamlaka ya kupanga viwango vya magari. Mauzo ya Corvair ya mwaka 1966 hayakufika nusu ya yale ya mwaka uliotangulia. Uzalishaji ulikoma Mei 1969.

Watetezi wa gari hilo hupenda kutaja ripoti ya mwaka 1972. Idara ya serikali ya usalama barabarani ililijaribu dhidi ya magari ya rika lake, yakiwemo Ford Falcon, Plymouth Valiant na Volkswagen, ikasema Corvair za 1960 hadi 1963 hazikuwa rahisi kumponyoka dereva kuliko hayo mengine. Naipokea ripoti hiyo, ila haimfuti Nader. Ililinganisha gari na wenzake wa zama zile. Haikuuliza kama wote wangeweza kuwa bora kwa dola chache. Porsche walikuwa wamelijibu swali hilo tangu 1960.

Leo ekseli ya Rumpler imetoweka kwenye magari mapya madogo. Mwaka 1982 Mercedes walileta 190 yenye mikono mitano kila upande wa nyuma, kila mkono ukiwa na zamu yake ya kulishika tairi lisipinde, na watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo. Magari mengine ya bei nafuu yana boriti moja ya nyuma inayojinyonga, ambayo yenyewe hufanya kazi ya stabilaiza. Vyuma hivi ni vilevile unavyovisikia vikigonga bushi zikichakaa. Kwa hiyo, msomaji mwenye gari, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha upepo wa matairi, mbele na nyuma, ujaze kama kilivyoandikwa. Na fundi akikuambia afungue stabilaiza aiweke pembeni ili kelele iishe, mwambie anunue bushi mpya.