Mwinamo: kutoka piramidi ya Khufu mpaka ngazi za Mama

Kule sekondari nilikariri "pente" kama sala: y2 kutoa y1, gawanya kwa x2 kutoa x1. Nilipata pointi zangu, nikapita. Kuielewa, niliielewa siku Mama aliposhindwa kupanda ngazi nilizomjengea.

Bukavu kwetu ni milima tu. Nyumba yetu iko mita 2 juu ya barabara. Nilichora mwenyewe vipandio 8: kila kimoja kinapanda sentimita 25, na pa kukanyaga sentimita 20. Nilitaka kuchunga simenti. Fundi masoni aliangalia karatasi, akasema: "Chef, hii itachokesha watu." Nikamjibu kama mtu wa diplome. Mama alipanda mara moja, akishika ukuta. Toka siku ile anabaki ndani, hata ku misa haendi tena.

Njo nikarudi kwenye historia. Karibu mwaka 1550 mbele ya Kristo, huko Misri, mwandishi Ahmes alinakili hesabu kwenye karatasi ya mafunjo ambayo leo iko London. Ndani mna maswali juu ya piramidi. Wamisri waliuliza hivi: ukipanda mkono mmoja, yaani viganja 7, unaingia ndani viganja vingapi? Jibu waliliita seked. Ni mwinamo wetu huu huu, ila wamegeuza sehemu ya juu ikawa ya chini. Piramidi kubwa ya Khufu ina seked ya viganja 5 na nusu. Gawanya 7 kwa 5.5, unapata karibu 1.27. Sasa ngazi zangu: 25 kwa 20, ni 1.25. Bandugu, nilikuwa nimemjengea Mama piramidi!

Miaka mingi nyuma ya hapo, mu karne ya 17, Mfaransa François Blondel aliwaza juu ya mguu wa mtu. Kupanda kunachokesha mara mbili kuliko kutembea. Kwa hiyo chukua urefu wa kipandio mara mbili, ongeza pa kukanyaga, jumla iwe sawa na hatua moja ya mtu. Leo wajenzi wanaiweka kati ya sentimita 60 na 64. Zangu zilitoa 70.

Nilimwita fundi tena, nikamwomba msamaha mbele ya kazi. Tulivunja yote. Sasa ni vipandio 12, kila kimoja kinapanda karibu sentimita 17, pa kukanyaga 30. Mwinamo umeshuka mpaka karibu 0.56. Zimekula simenti na kipande cha kiwanja, ni kweli. Fundi hakuandika hata namba moja. Alipima kwa hatua yake mwenyewe, ikatoka sawasawa.

Jumapili Mama alishuka, akapanda, bila kushika ukuta.

Wewe unayesoma, pima ngazi za kwenu leo. Na kama fundi anakuambia neno, msikilize mbele ya kumwonyesha diplome.