Anayefuata Ndiye Anayefuta

Mimi ni mtoto wa Mwanza, kwa hiyo matale si mawe mageni kwangu. Kule Mabatini tulipanda miamba pekupeku kabla hatujajua kusoma, na hakuna aliyeandika nani alifika juu kwanza. Nilipokuja California kusoma shahada ya uzamili ya historia, nilikuta kila ufa unaopandwa una jina, daraja la ugumu, mwaka na majina ya waliotangulia kuupita.

Njia yangu ya kwanza ilikuwa Nutcracker, katika bonde la Yosemite. Daraja lake ni 5.8. Kwa anayetangulia si mchezo, lakini kwa anayefuata, aliyefungwa kamba inayovutwa kutoka juu, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Mimi nilikuwa anayefuata.

Kabla ya njia hii, Yosemite ilipandwa kwa nyundo. Anayetangulia alipigilia kigingi cha chuma kwenye ufa, akaning'iniza kamba yake hapo, akaendelea. Anayefuata alikigonga kigingi huku na huku mpaka king'oke, kikatumike tena juu zaidi. Matale ni magumu, ila kila mara ufa ulipanuka kidogo. Njia iitwayo Serenity Crack, humo humo bondeni, imejaa matundu ya vigingi. Leo wapandaji wanatia vidole kwenye matundu hayo ili wapite! Sijawahi kushika nyaraka inayosema ukweli waziwazi kiasi hicho.

Waingereza walikuwa na desturi nyingine. Walibana kokoto ndani ya ufa na kuizungushia kamba. Baadaye wakachukua nati za kawaida, zile zile za fundi wa gereji, wakazikwangua uzi wa ndani usikate kamba. Mwaka 1961 John Brailsford alitengeneza nati iliyobuniwa kwa ajili ya kupanda tu. Mmarekani Royal Robbins alijifunza ufundi huo Uingereza, na mwezi Mei 1967 yeye na mkewe Liz wakapanda Nutcracker kwa nati peke yake, bila kupigilia kitu. Jina lenyewe ni utani juu ya nati. Miaka mitano baadaye Yvon Chouinard, ambaye vigingi ndivyo vilivyokuwa vikimlisha, alitoa katalogi ya kuwashawishi wateja wake waviache. Ni wafanyabiashara wangapi wangethubutu?

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha Royal. Liz huingia kama "na mkewe", nami nimefanya vivyo hivyo mistari michache iliyopita. Mwaka huo huo wa 1967 alikuwa mwanamke wa kwanza kupanda ukuta wa kaskazini-magharibi wa Half Dome.

Nilimfikiria sana nikiwa ukutani, kwa sababu kazi ya anayefuata ni kuchomoa kila nati aliyoiweka mwenzake. Kwetu kufuata na kufuta vinatofautiana kwa herufi moja tu. Mwalimu wangu ananifundisha kutafuta alama walizoacha watu. Pale nilikuwa natoka jasho ili isibaki hata moja, na nilikuwa nikiifurahia kazi hiyo.

Mpaka nati moja ilipokataa kutoka. Ndogo, kama punje ya hindi, imezama kwenye ufa. Niliichokoa kwa kichuma changu, nikaisukuma juu, nikaivuta pembeni, vidole vikachubuka. Mwenzangu akapiga kelele kutoka juu: iache, tuna watu nyuma yetu.

Nikaiacha. Jioni nikamlipa bei yake, kisha nikaandika kwenye daftari tarehe, mahali ilipo na jina langu.