Mikono ya trekta isiposhuka hadi chini: Pa kuanzia kabla ya kumwita fundi

MKULIMA wa Kitale ambaye hajalima shamba lake kufikia Machi huwa anashindana na mvua. Siku hizo ndizo mwenye trekta ndogo hukumbana na hitilafu inayokera kuliko nyingi: anausukuma wenzo hadi mwisho, lakini mikono ya nyuma inayobeba plau inasimama katikati na kukataa kushuka zaidi. Plau inakwaruza udongo wa juu tu. Mwenye shamba, aliyepatana bei ya kila ekari, anakataa kulipa. Fundi anaitwa, na mara nyingi huanza kwa kufungua nati za kifuniko cha haidroliki kilicho chini ya kiti.

Hapo ndipo gharama huanzia, na pengine bila sababu. Kifuniko hicho ni kizito, na kikifunguliwa shambani vumbi huingia katika oili ambayo, kwa trekta nyingi, ndiyo hiyo hiyo inayolainisha giaboksi. Ni heri uchunguzi uanzie nje na kuelekea ndani.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba haidroliki ya mikono hii hunyanyua tu. Pampu husukuma oili ndani ya silinda, nayo pistoni huinua mikono. Wakati wa kushuka hakuna nguvu yoyote inayosukuma kwenda chini. Vali hufungua njia, oili ikarejea ilikotoka, na uzito wa chombo kilichofungwa nyuma ndio unaoishusha mikono. Kwa hivyo mikono mitupu inayobaki nusu juu si ushahidi wa ubovu. Ifungie plau au haro kwanza, kisha utoe hukumu.

Kabla ya kugusa chochote, egesha trekta mahali tambarare, uvute breki, na uwaondoe watoto na watazamaji. Plau inayoning'inia kwa nguvu ya oili pekee inaweza kuanguka wakati wowote, hasa pale mtu anapolegeza kile kilichoizuia. Asiingie mtu chini yake. Ikibidi kufanya kazi karibu nayo, izimwe injini na plau ikalishwe juu ya magogo imara. Wala usilegeze paipu ya oili chombo kikiwa juu. Oili yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitalini hata likionekana dogo.

Sasa tazama mbele ya kiti, chini. Trekta nyingi ndogo, hasa zilizoundwa Japani, zina kishikio cha kuzungusha hapo ambacho hupunguza au kuongeza kasi ya kushuka. Kikikazwa hadi mwisho, hufunga njia ya oili na mikono haishuki kabisa. Kikibaki wazi kidogo tu, hushuka kwa kusuasua. Dereva anayekodishwa kulima Kitale leo na Bungoma kesho, akipitia Kiminini na Webuye, ana haki ya kukikaza ili plau isimwangukie barabarani. Tatizo ni kwamba akifika shambani husahau kukilegeza. Kilegeze polepole ukiwa umekaa kitini, si ukiwa umesimama nyuma.

Kando ya wenzo wenyewe huwa kuna kizuizi kidogo cha kukazwa kwa skrubu. Kazi yake ni kumwezesha dereva kurudisha plau kwenye kina kile kile baada ya kugeuka mwisho wa shamba. Kikisogea, wenzo huishia hapo, na mikono pia.

Ikiwa hayo mawili yako sawa, linganisha mikono ya juu, iliyo karibu na kiti, na ile ya chini inayoshika plau. Kama ya juu imeshuka hadi mwisho wake na ya chini bado iko mbali na ardhi, haidroliki haina kosa. Fimbo zinazoiunganisha zimefupishwa mno, au mwenye trekta ameweka tairi kubwa zaidi nyuma akasahau kwamba ameinua trekta nzima. Fimbo hizo hurefushwa kwa kuzungushwa. Chunguza pia minyororo ya pembeni isiwe imekaza, na mikono isiwe inagonga ndoano ya tela.

Kuna hali nyingine ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayowapotosha wengi, kwa kuwa hufanana na ubovu ilhali ni mtambo unaofanya kazi yake. Harry Ferguson, mhandisi mzaliwa wa Ireland aliyeishi kati ya 1884 na 1960, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1926 kwa mfumo unaopima jinsi udongo unavyoivuta plau. Mvuto ukizidi kiwango alichoweka dereva, mikono huinuka kidogo yenyewe. Massey Ferguson 35 na 135, zinazofahamika sana kwa wakulima wetu, zina mfumo huo, na wenzo wake uko sambamba na ule wa kawaida. Mtu akilima udongo mkavu wa Januari huku wenzo huo ukiwa katika kiwango cha mvuto mdogo, plau haitazama.

Kipimo chake ni rahisi. Mikono ikishuka hadi chini trekta ikiwa imesimama, kisha ikapanda mara tu plau inapoanza kuvuta, usimlaumu vali. Badilisha kiwango cha mvuto, au usubiri udongo ulainike. Ikiwa mikono haipandi na plau bado haizami, itazame plau yenyewe. Ya diski hutegemea sana uzito wake kuzama. Ile ya bapa hutegemea ncha yake, na ncha ikilika hupaa juu ya ardhi ngumu.

Baridi ya asubuhi ya Kitale, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huifanya oili kuwa nzito na mikono ikachelewa, lakini mwishowe hufika chini. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni jambo jingine: imeingia maji, na kutu inaweza kukwamisha vali. Hiyo ni ya kumwagwa na kubadilishwa kwa aina iliyotajwa katika kitabu cha trekta.

Ikibaki vali, au fimbo inayoipasha habari kuhusu mahali mikono ilipo, basi mwite fundi. Mweleze iwapo mikono husimama mahali pale pale kila mara au hubadilika, na iwapo oili ikipata joto hali huwa tofauti. Trekta ambayo fimbo hiyo iko nje, mwombe aitazame kama imepinda kabla hajagusa nati ya kifuniko.