Uigizaji Shuleni na Urithi wa Usukuma

Utamaduni wa taifa haurithiwi kwa kusimuliwa tu. Hurithiwa kwa kutendwa. Kwa hiyo twaona yafaa kuwakumbusha walimu na wanafunzi historia ya fani moja ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa pambo la siku ya wazazi, kisha ikawekwa kando hadi mwaka mwingine. Fani hiyo ni uigizaji. Tutaitazama tukiwa tumesimama Nyasubi, kata ya mji wa Kahama mkoani Shinyanga, kwa kuwa mwalimu wa huko amezungukwa na hazina ambayo pengine hajaitambua kuwa ni somo.

Wako wanaodai kwamba uigizaji uliletwa na wageni. Wageni walileta jukwaa lenye pazia na tamthilia iliyoandikwa. Kuigiza kwenyewe walikukuta. Katika Usukuma, tangu karne ya 19, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikishindana. Masimulizi ya wazee huvihusisha na waganga wawili, Ngika na Gumha. Makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mtazamaji anayechoshwa huondoka papo hapo na kwenda kwa mpinzani, yaani hupiga kura kwa miguu. Ndiyo sababu manju hutunga nyimbo mpya kila msimu, na wachezaji hubuni vituko, sanamu na michezo ya nyoka ili wasiachwe peke yao. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe hurushwa na kudakwa kwa mapigo ya ngoma. Katika wigashe vijana hucheza wakiwa wameketi, na uzuri wote hutegemea ulinganifu wa mikono, vichwa na sauti. Hayo yote ni misingi ya uigizaji: sauti, mwili, kusikilizana, na kumheshimu mtazamaji.

Shule za wakoloni hazikuijali hazina hiyo. Baadhi ya wamisionari waliziona ngoma kuwa ushenzi, ingawa alitokea Padre David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma huko Bujora karibu na Mwanza. Wanafunzi wachache waliofika shule za juu waliigiza Shakespeare kwa Kiingereza. Wengine walicheza vichekesho, ambavyo mara nyingi vilimdhihaki mtu wa shamba asiyejua mambo ya mjini. Hivyo mtoto alifundishwa kusimama mbele za watu na kuwacheka wazazi wake mwenyewe.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Julius Caesar, ikithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mzigo wowote wa jukwaani. Likafuata Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1968 Mwalimu aliwaomba washairi waieneze siasa mpya kwa sanaa yao. Mathias Mnyampala aliitikia kwa kuikuza ngonjera, majibizano ya kishairi baina ya asiyejua na ajuaye. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikachapishwa baada ya kifo chake. Ngonjera zilienea katika shule nyingi mno. Watoto waliosoma chini ya miembe walijifunza kutoa sauti ya kusikika uwanja mzima, kutumia mikono, na kungoja zamu ya mwenzao.

Sisi tunaotunga mashairi hatuwezi kuidharau ngonjera. Hata hivyo, ukweli usemwe. Asiyejua alikubali siku zote katika ubeti wa mwisho, na mtoto aliyeghani maneno hayo hakuulizwa yeye mwenyewe anaamini nini. Alipata ufundi wa kusema, akakosa nafasi ya kusema lake.

Nafasi hiyo ilitafutwa katika Usukuma huohuo. Mwaka 1982 na 1983, katika kijiji cha Malya wilayani Kwimba, wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji pasipo kuwapelekea tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Walianza kwa kuuliza ni jambo gani linalowasumbua. Miongoni mwa majibu lilikuwapo la mimba za wasichana. Vijana wakalitengenezea onyesho kwa ngoma, nyimbo na maigizo ya kwao, kisha waigizaji na watazamaji wakajadiliana hadharani. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba waliufikisha mtindo huo katika shule za sekondari kwa mpango wa Tuseme. Humo wanafunzi, hasa wasichana, huchunguza matatizo yao, huyaigiza mbele ya shule nzima, kisha hupendekeza la kufanya. Mpango huo ulisambaa hadi nchi nyingine za Afrika.

Swali la Malya halijazeeka. Kahama imekua kwa biashara, mpunga na dhahabu, na penye fedha za haraka vishawishi navyo huwa vingi. Ni mwaka 2021 tu ndipo Serikali iliporuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warejee shuleni. Msichana asiyezoea kutoa sauti yake darasani, ataitoa wapi siku atakapotakiwa kusema hapana?

Kwa hiyo twamshauri mwalimu wa Nyasubi aanze na vilivyo karibu. Awaketishe wanafunzi kama katika wigashe, wafanye tendo moja kwa pamoja mpaka kila mmoja ausikie mwili wa mwenzake. Awafundishe kuvuta pumzi hadi tumboni na kuitumia kidogo kidogo, ili sauti ifike nyuma bila kupiga kelele. Anayetamka "l" mahali pa "r", kwa kuwa ndivyo Kisukuma kilivyomlea, asahihishwe kwa upole. Akichekwa mara moja hatafungua kinywa tena. Aligawe darasa makundi mawili yaigize kwa wakati mmoja, na wanaotazama wawe huru kuhama, kama ilivyo kwa Bagika na Bagalu. Kila kundi litatambua lenyewe ni wapi lilipowachosha watu. Ufundi huo ukishakaa, awaulize wanataka kuigiza nini, kisha awe tayari kulisikia jibu, hata kama halitampendeza mgeni wa heshima.