Walitisha Watoto, Wakasahau Kuwafundisha

Kama umesoma Kenya, somo la pombe unalijua. Picha ya ini zuri, picha ya ini bovu, mwalimu anasema pombe ni sumu, kengele inalia. Mtu akiuliza "sumu aje?", anaambiwa aache ujuaji. Mimi ndiye nilikuwa nauliza, na labda ndiyo maana chuo kilinishinda, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Leo nataka niwape historia ya mtu aliyefanya somo hili kuwa sheria. Anaitwa Mary Hunt, Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu wa sayansi. Alikuwa kwenye WCTU, umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga pombe ulioanzishwa 1874. Na msiwacheke hao akina mama. Wakati huo mwanamume angekunywa mshahara wote, arudi nyumbani apige watu, na sheria ingekuwa upande wake. Mke hakuwa hata na kura. Hunt akaona hivi: wazee wameshaharibika, tuwashike watoto.

Vermont ilipitisha sheria ya somo hilo 1882. Serikali kuu ikafuata 1886 kwa maeneo iliyoyasimamia yenyewe, na kufikia 1901 kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria kama hiyo. Hebu fikiria, nchi nzima kwa miaka kama 20, bila simu ya mkononi!

Shida ilikuwa vitabu. Wachapishaji walitaka muhuri wa Hunt ili wauze, kwa hivyo waliandika anachotaka. Watoto walisoma kwamba pombe huchoma ngozi ya ndani ya koo, na kwamba tone moja tu linaweza kuwasha kiu isiyoisha. Mwalimu alimwaga spiriti kwenye ute wa yai, ute unaganda mweupe, halafu anawaambia: ubongo wenu utakuwa hivyo. Manze, hata mimi ningeogopa. Lakini spiriti ya maabara si glasi ya bia iliyoshaingia kwenye damu.

Halafu akaja Wilbur Atwater, profesa wa kemia. Alifungia mtu ndani ya chumba kidogo kwa siku kadhaa, akapima chakula, pumzi na joto lake. Akaona mwili unachoma pombe na kupata nishati, karibu kalori 7 kwa kila gramu. Hakusema watu wanywe. Alisema tu kilichotokea. Watu wa Hunt walimshambulia vibaya sana. Mwaka wa 1903 kamati ya wasomi aliyokuwa ndani yake ilitoa ripoti ikisema vitabu vile vinapotosha watoto, na Hunt hakurudi nyuma hata hatua moja.

Wale watoto wakakua. Mwaka wa 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima, na bado watu wengi wakaendelea kunywa. Serikali iliagiza spiriti ya viwandani itiwe methanoli ndiyo isinyweke, lakini wauzaji wa magendo waliiba wakauza. Krismasi ya 1926 hospitali ya Bellevue, New York, ilipokea wagonjwa kwa makumi. Daktari mkuu wa vifo wa jiji, Charles Norris, aliilaumu serikali waziwazi.

Hapo ndipo hii stori inafika kwetu. Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga na mitaa ya karibu, kinywaji chenye methanoli kiliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Februari 2024, Kangai kule Kirinyaga, pombe mbaya tena, watu 17.

Sasa niambie, "pombe ni sumu" ingemsaidia nani pale? Mtoto aliyeambiwa kila pombe ni sumu, akaona babake anakunywa miaka kumi na bado anaenda kazi, ameshaacha kutuamini. Atajuaje kwamba kuna nyingine inayoua kesho?

Mambo yenyewe hata si magumu. Pombe ya kawaida inapunguza kasi ya ubongo, ini linaisafisha polepole, na kahawa au maji baridi hayaliharakishi. Aliyezima mlaze kwa ubavu, si chali, asikabwe na matapishi yake. Methanoli ni kitu kingine: ini linaigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho, na mtu anaweza kukaa masaa mengi akijiona sawa kabla haijamshika.

Kwa hivyo beshte yako akiamka anasema anaona ukungu, au kila kitu ni cheupe, hicho si kichwa cha pombe ya jana. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie alichokunywa. Dawa ipo, ila macho hayangoji.