Tarehe ya Nyumba ya Bateman, Wafua Fedha wa Bunhill Row

Wako wanaodai kwamba nyumba ya Bateman ya London ilikuwa kazi ya wanaume, na Hester, mjane aliyeiongoza, aliipa jina tu. Tarehe hii yaandikwa kukata shauri hilo.

Mwanzo alikuwapo John Bateman, mfua mikufu. Akafariki 1760, akamwachia mkewe Hester vyombo vya kazi. Hester, mzaliwa wa 1708, hakujua kuandika hata jina lake. Lakini Aprili 1761 aliingia Goldsmiths' Hall, jumba la chama cha masonara, akasajili muhuri wake mwenyewe: H na B za mwandiko wa mviringo.

Alianza na vijiko. Masonara wakubwa walimpa kazi, kisha wakagonga mihuri yao juu ya wake. Ndiyo sababu vitu vyake vya miaka ya mwanzo ni adimu. Baadaye jina lake likasimama lenyewe. Yakatoka mabuli, pawa na koleo za sukari, kingo zake zimetiwa shanga ndogo ndogo na nakshi za kukata zinazometameta. Shaba iliyovikwa fedha, uvumbuzi wa Thomas Boulsover wa Sheffield, ilikuwa imeshateka wanunuzi kwa bei yake. Hester akaijibu kwa fedha halisi iliyofuliwa nyembamba, na watu wa kipato cha kati wakaimudu.

Vyombo vya zama zile humbabaisha asiyevijua. Kile kirefu chenye mfereji huku na huku ni cha kuchokolea uboho: upande mpana kwa mfupa mkubwa, mwembamba kwa mdogo. Kijiko chenye bakuli la matundu na mpini uliochongoka ni cha chai: matundu huopoa majani kikombeni, ncha huzibua mdomo wa buli. Asiyejua atadhani ni kijiko kilichoharibika!

Na hapa niseme habari ya mihuri. Mwaka 1773 Birmingham na Sheffield waliomba ofisi zao za kupima fedha, na wafua fedha wa London wakapinga kwa nguvu. Wakashindwa. Wazee wa kazi husimulia kwamba waombaji walikutana katika hoteli ya Crown and Anchor, wakarusha sarafu. Sheffield wakapata taji kuwa alama yao, Birmingham nanga. Nyumba ya Bateman ilikuwa ya London, hivyo tafuta kichwa cha chui mwenye taji, simba atembeaye, ambaye maana yake ni sehemu 925 za fedha katika 1000, na herufi ya mwaka. Kichwa cha mfalme, alama ya ushuru, kiliongezwa Desemba 1784.

Tukirudi kwenye ukoo: Hester alistaafu 1790, wakashika wanawe Peter na Jonathan. Jonathan akafa 1791, mjane wake Ann akashika na Peter. William, mwana wa Ann, akaingia 1800. Hester mwenyewe alifariki 1794.

Wapinzani husema hakushika nyundo, mafundi ndio waliofua. Na wafue! Mbele ya sheria, fedha ikipungua ubora, aliyejibu ni mwenye muhuri. Kwa miaka karibu thelathini mwenye muhuri alikuwa Hester, na nyumba ni yake. Aliye na chombo chenye HB asikisugue sana kwa majivu, kwani muhuri ukifutika, ushahidi umekwisha.